Gari za Wazee Zilikuwa na Rangi, Zetu Zimekuwa kama Mabati

Leo sina stori ya nani kaachana na nani, wala nani hamsalimii nani. Leo nina povu langu binafsi, limenikaa kifuani tangu Jumamosi, na nisipolimwaga hapa sijui nitalimwaga wapi. Povu lenyewe ni la rangi za magari. Usicheke. Soma mpaka mwisho, ukimaliza njoo unitukane ukiwa na sababu.

Jumamosi kulikuwa na harusi hapa Masasi. Ndugu wametoka Dar, wengine Mtwara, wengine wameshuka kutoka Newala. Nje ya ukumbi zimepaki gari kumi na moja. Nilizihesabu. Nyeupe sita, nyeusi mbili, silva mbili, kijivu moja. Kwisha. Sasa shangazi yangu kabeba sufuria la pilau la nyumbani kwa bwana harusi, kaambiwa na kijana mmoja, "Shangazi, weka kwenye ile Noah nyeupe." Noah nyeupe zilikuwa tatu. Shangazi kaweka, kafunga mlango, karudi kucheza muziki. Saa tano usiku watu wanatafuta pilau, pilau iko Nachingwea. Waliolikuta nyuma ya gari walipiga simu kushukuru, wanasema harusi ya Masasi haijawahi kuwaangusha.

Tulicheka sana. Ila mimi nilipofika nyumbani nikakaa nikajiuliza: hivi imekuwaje mtu mzima, macho yake mazima, hawezi kutofautisha gari tatu zilizopaki mbele yake?

Nyie mliokua kando ya barabara mtakumbuka. Tukiwa watoto tulikuwa tunakaa kwenye kibaraza, kila mtu anachagua rangi yake. Mimi bluu, dada nyekundu, jirani kijani. Gari ikipita mwenye rangi anapiga kelele, "Yangu hiyo!" Mpaka jioni tunajua nani tajiri. Ulikuwa mchezo wa haki, maana barabara ilikuwa na kila kitu: lori jekundu, Land Rover ya kijani, Peugeot ya krimu, Datsun ya chungwa, Volkswagen za mgongo wa kobe rangi ya anga. Juzi nimemkuta mtoto wa dada anacheza mchezo huohuo na wenzake. Kachagua nyeupe. Nusu saa kawamaliza wote, wenzake wamenuna, mchezo umevunjika. Huyo wa nyekundu alikuwa na bodaboda tu za kuhesabu, na wakamwambia bodaboda haihesabiwi.

Lugha yetu yenyewe ina majina ya rangi mpaka raha. Damu ya mzee. Ugoro. Kaki. Krimu. Kijani kibichi. Niambie, mara ya mwisho umeona lini gari mpya mjini rangi ya damu ya mzee? Watoto wetu watakuja kuuliza mzee gani alitoka damu.

Na si sisi peke yetu, nisiwasingizie. Kwa hesabu za kampuni zinazotengeneza rangi za magari, nyeupe inaongoza dunia nzima kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Kule Marekani kuna watu wanaitwa iSeeCars, kazi yao ni kuhesabu magari yanayouzwa. Wanasema mwaka 2004, kwenye kila gari 100, kama 60 zilikuwa nyeupe, nyeusi, kijivu au silva. Mwaka 2023 zimefika 80. Kwa hiyo ugonjwa ni wa dunia. Ila wagonjwa wengine wana nafuu, maana wao gari zao zinatoka kiwandani. Sisi nyingi tunachukua zilizotumika Japani. Mjapani anachagua nyeupe akiwaza atakayemuuzia, sisi tunaipokea, halafu na sisi tunawaza tutakayemuuzia. Hiyo gari inazunguka nusu ya dunia na hakuna hata mmoja aliyeinunua kwa sababu anaipenda rangi yake.

Sasa nije kwa wakubwa wetu, maana huko ndiko povu linakochemkia.

Kuna msanii mmoja, simtaji, mnamjua, na yeye anajijua. Nywele kaweka rangi tatu. Meno yanawaka. Kwenye tamasha la juzi kapanda na suti ya njano kama embe dodo limeiva. Nikasema huyu ndiye atakayetukomboa. Wiki iliyofuata kaposti ndinga mpya. Nyeusi. Vioo vyeusi. Rimu nyeusi. Mpaka nembo ya mbele kaifanya nyeusi. Picha kaipiga usiku, ukiitazama unaona meno yake tu. Machawa chini wameandika "hatari", "moto", "mkali wao". Moto gani mweusi?

Kuna dada mmoja wa Bongo Muvi naye kachukua nyeupe, kaandika kwamba ni rangi ya malaika. Dada, hiyo ni rangi ya ambulansi. Kuna mchezaji wa mpira, dakika 90 anavaa jezi nyekundu, mashabiki wake wamepaka mpaka kuta za nyumba rangi hiyo, filimbi ya mwisho ikilia anapanda kitu cha kijivu kama kokoto. Jaribu kuwaambia Simba na Yanga wote wavae kijivu uone vita itakayotokea nchi hii. Kwenye jezi tunaweza kupigana kwa ajili ya rangi. Kwenye khanga mama zetu wanagombana dukani kwa ajili ya rangi. Ila kwenye kitu cha mamilioni tunasema, "Yoyote, mradi nyeupe."

Ukiwauliza wanasema nyeusi ni rangi ya kibosile. Ngoja niwape historia kidogo, maana shule niliishia kidato cha nne lakini simu ninayo. Gari ya kwanza kabisa kuuzwa kwa mamilioni na kwa bei ya mtu wa kawaida ni Ford Model T ya Marekani, iliyoanza mwaka 1908. Mwanzoni ilikuwa na rangi nyingine. Kuanzia 1914 mpaka 1925 Henry Ford akaitoa nyeusi tu, kwa sababu rangi moja inarahisisha kazi kiwandani na inapunguza gharama. Umeelewa? Nyeusi tupu ilikuwa rangi ya gari ya bei chee. Washindani wake ndio waliokuja na rangi kumnyang'anya wateja. General Motors wakatoa Oakland ya bluu ya modeli ya 1924 iliyopakwa rangi mpya ya kukauka haraka, na Ford mwenyewe mwaka 1926 akarudisha rangi. Kwa hiyo ndugu yangu kibosile, miaka 100 iliyopita wewe ungekuwa kwenye foleni ya gari ya bei nafuu, na mwenye hela angekupita na bluu yake.

Hata Land Rover za wazee wetu. Zilipoanza Uingereza mwaka 1948 zilitoka kijani, na inasimuliwa ni kwa sababu baada ya vita rangi ya kijani ya jeshi ndiyo ilikuwa imebaki kwa wingi. Rangi ya mabaki! Na mpaka leo ukisema Land Rover ya zamani, kichwani kwako inakuja kijani. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ilikuwa nyekundu, boneti nyeusi. Miaka zaidi ya 50 imepita na wazee bado wanaitaja kwa rangi yake. Hiyo yako ya silva, nani ataikumbuka hata Desemba?

Najua sababu zenu. Nitazijibu moja moja.

Ya kwanza, joto. Hapa mmenikamata kidogo, nakubali. Nyeupe inarudisha jua, na Masasi ya Oktoba mnaijua, yale mawe ya milimani yakishapata moto mchana, usiku unalala kama uko jikoni. Anayenunua nyeupe kwa ajili ya jua simgusi, ana akili. Ila niambie, wewe wa nyeusi umenunua kwa sababu gani? Unafungua mlango saa nane mchana unaruka nyuma kama umefungua tanuri la mkate. Joto si sababu yako. Joto ni sababu ya jirani yako, wewe umeiazima.

Ya pili, ajali. Kuna mtu ataleta hili, bora nilete mwenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walitoa ripoti inayoonyesha kwamba nyeupe ina hatari ndogo ya ajali ukilinganisha na nyeusi, kijivu na silva. Sitawaficha, hata bluu, nyekundu na kijani zilishindwa na nyeupe. Ila nyeusi ndiyo iliyokaa mkiani kabisa, na alfajiri na magharibi ndipo hali inakuwa mbaya zaidi. Sasa niambieni, kwenye barabara zisizo na taa, mtu anaendesha kitu cheusi chenye vioo vyeusi, halafu anamwambia mwenye bluu kwamba hajali usalama? Mbona basi za wanafunzi zinapakwa njano? Ili zionekane. Rangi ina kazi.

Ya tatu, vumbi. "Silva haionyeshi uchafu." Uchafu wa wapi? Wa lami ya Dar, sawa. Vumbi letu la huku ni jekundu. Wazee waliliangalia vumbi kwanza, ndiyo maana walikuwa na kaki, krimu na damu ya mzee. Gari inatoka kijijini ina vumbi mpaka kwenye vioo na bado inaonekana imekaa vizuri. Nyeupe ikifika Masasi kutoka njia ya vumbi inaonekana kama imepigwa chafya na ng'ombe.

Ya nne, ufundi. Hapa naongea kama mtu wa ndani, maana nilipomaliza shule nilikaa gereji mwaka mzima kama msaidizi wa fundi rangi. Toyota ina kibati kidogo, mara nyingi kwenye boneti au nguzo ya mlango, kimeandikwa C/TR, na pembeni yake kuna namba ya rangi. Mwaka mzima namba nne zilinitosha: 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 202 nyeusi, 1F7 silva. Mnasema rangi hizi ni rahisi. Siyo kweli. Nyeupe ya lulu ina matabaka matatu, ya chini, ya lulu yenyewe, halafu kliya juu. Ukigongwa mlango mmoja, kuufananisha na mwenzake ni mtihani wa taifa. Ndiyo maana mnatembea na gari nyeupe yenye mlango wa maziwa na bampa la mtindi. Rangi ya kizamani ilikuwa rangi tupu. Bluu ni bluu. Fundi anakoroga, anaonja kwa jicho, anapiga.

Ya tano, na ndiyo mama yao, kuuza. "Ukinunua rangi ya ajabu huuzi." Hili linasemwa na madalali, na dalali hajawahi kununua gari kwa hela yake. Walewale iSeeCars wamepiga hesabu ya gari za miaka mitatu, wakakuta njano ndiyo inayoshuka bei kidogo kuliko zote, na nyeupe na nyeusi hazina ubabe wowote. Sababu yake haihitaji chuo: ukiuza nyeupe unashindana na nyeupe mia, ukiuza njano anayeitaka njano anakuja kwako tu. Utaniambia hapa si Marekani. Sawa. Basi nitakupa ya hapahapa, na hii siisimulii kwa raha.

Mjomba wangu alikuwa na Peugeot 504 pikapu, bluu ya anga. Kwetu huku mjomba si mtu wa pembeni, mjomba ndiye mwenye watoto, asikudanganye mtu. Ile bluu ilibeba korosho za vijiji vya njia ya Newala miaka na miaka. Msimu ukifika watu hawakuhitaji simu. Ikitokeza kule kwenye kona, bluu ndani ya vumbi jekundu, watoto wanapiga kelele na watu wazima wanaanza kutoa magunia. Usiku mama mjamzito akizidiwa, mtu alitumwa "kwa mwenye bluu", akafika hata kama hajui jina la mjomba. Wangapi wamefika hospitali ya Mkomaindo nyuma ya ile bluu, mimi siwezi kuwahesabu. Dada yangu ni mmoja wao, na huyo mtoto anayechagua nyeupe kwenye mchezo ndiye aliyekuwa tumboni.

Mwaka 2018 mgongo wa mjomba ukamkataa, akaamua auze. Dalali mmoja wa stendi akamwambia, "Mzee, kwa rangi hii utakaa nayo mpaka kiyama. Ipige nyeupe, itaondoka wiki hii." Mjomba akaileta gereji niliyokuwa nafanya kazi. Fundi akanipa msasa. Kwa hiyo, wadau, ile bluu niliitoa mimi. Siku mbili nilikuwa bluu mpaka kwenye pua. Tukapiga puti, tukapiga praima, tukapiga nyeupe, ikang'aa kama friji.

Mjomba akaja kuichukua. Nikamwona anaingia getini, anazipita gari zilizopaki, anaipita na ya kwake, anakuja mpaka niliposimama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Gari iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akarudi nyuma, akaizunguka, akashika lile kovu la kwenye ubavu ambalo sasa lilikuwa halionekani. Akasema tu, "Haya." Hakusema kitu kingine mpaka anaondoka.

Na mnunuzi? Alikuja, akagonga bodi kwa kidole, kila sehemu. Akauliza, "Mbona mmeipiga rangi juzi? Mnaficha nini?" Tukamwambia hatufichi kitu. Akasema gari ya zamani yenye rangi mpya ni gari iliyopinduka. Akakata bei. Mjomba kapokea pungufu ya ile aliyoahidiwa ikiwa bluu, na juu yake kalipa gharama ya rangi, na bado unatakiwa ukabadilishe rangi kwenye kadi TRA. Dalali kachukua chake kaenda. Hiyo ndiyo faida ya nyeupe.

Mwaka uliofuata, wa mwisho wa mjomba, tulikuwa tunakaa naye barazani jioni. Kila pikapu nyeupe ikipita anainua kichwa. Anauliza, "Siyo ile?" Ninamwambia siyo mjomba. Labda moja ilikuwa yenyewe. Sikuweza kujua, na ndiyo maana nina hasira.

Kwa hiyo mnaposema rangi ni mambo ya ushamba, mimi siwaelewi. Nenda Dar, daladala zina mistari ya rangi, na mtu asiyejua kusoma anapanda gari ya njia yake bila kuuliza. Bajaji zina rangi. Bodaboda zina rangi. Mtu wa boda anakopa pikipiki anachagua nyekundu, anaifunga na maua ya plastiki, kwa sababu anataka mteja amkumbuke. Mwenye hela ndiye anayeogopa kukumbukwa. Kitu pekee chenye rangi kwenye gari lake ni namba ya njano, na hiyo amepangiwa.

Na msiniambie viwanda havitoi. Mwaka 2013 Toyota haohao waliuza Japani Crown Athlete ya pinki, mwezi mmoja tu, Septemba. Pinki kabisa! Crown hiyohiyo ambayo mabosi wetu wanaipenda, na Mjapani mwenye tai alikwenda akaagiza. Kwenye mitandao ya kuagiza magari bluu zipo, nyekundu zipo, kijani zipo. Unazipita mwenyewe kwa kidole gumba.

Siwaambii wote mkapake njano kesho. Anayependa nyeupe kwa moyo wake aendelee nayo. Ninachosema ni hiki: hela umeitafuta wewe, korosho umepalilia wewe, mkopo utalipa wewe miaka mitatu. Halafu rangi unamchagulia mtu ambaye hujamjua bado, atakayekuja kuinunua siku usiyoijua, na akija atagonga bodi kwa kidole na kukata bei vilevile. Chagua yako. Ikipita kijijini wajue ni wewe.

Na wewe msanii wa suti ya njano, najua utaisoma hii, machawa watakutumia. Gari ijayo toka nayo ya rangi ya ile suti. Nitakuwa wa kwanza kukuposti na sitaweka hata neno moja la kejeli.

Haya, povu limeisha. Gari ya kwanza unayoikumbuka nyumbani au mtaani kwenu ilikuwa rangi gani? Tupia hapo chini. Na kama kuna mtu yeyote, kuanzia Tunduru mpaka Mtwara, ana Peugeot 504 pikapu nyeupe, naomba amkwaruze kidogo kwa ndani ya mlango wa nyuma. Ukikuta bluu ya anga chini yake, usiniuzie. Niambie tu ilipo.